PBC yenye bilirubini 65: fomula tatu, majibu matatu. Niamini ipi?

Kliniki_Moshi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaoshughulika na magonjwa ya ini.

Mama wa miaka 54, kilo 62, ana PBC, ule ugonjwa unaokula mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. ALP (kimeng'enya kinachopanda nyongo ikikwama) imekuwa juu zaidi ya miezi sita, kingamwili za AMA, zinazoashiria PBC, ni chanya kwa 1:160, ultrasaundi haionyeshi kuziba kwenye mirija mikubwa. Hepatitisi B na C hasi, VVU hasi. UDCA, dawa kuu ya PBC, hajawahi kutumia, ndiyo kwanza tunaianza. Macho yana manjano kwa miezi mitatu, usiku anajikuna hata hapati usingizi. Miguu ilivimba, imenywea kwa frusemidi, dawa ya kukojoza, mg 40 kwa siku. Tumboni hakuna maji, akili timamu.

Majibu ya maabara: bilirubini (rangi ya nyongo inayoleta manjano) jumla 65 µmol/L, ya moja kwa moja 48, albumini 31 g/L, PT (muda wa damu kuganda) sekunde 15, INR (PT iliyosawazishwa kati ya maabara) 1.4, kreatinini 80 µmol/L, chembe sahani 140, ALP 610, kikomo cha juu cha maabara ni 120.

Nimejaza kwenye lahajedwali niliyoitengeneza kwa fomula ya Mayo ya PBC. Imenipa uwezekano wa kuishi miaka 5 wa asilimia 92. MELD na Child-Pugh ni alama nyingine za ukali wa ugonjwa wa ini: MELD imenipa 15, Child-Pugh imenipa 8, yaani daraja B. Moja inasema mgonjwa yuko vizuri, nyingine zinasema hapana. Watoto wake wanauliza kama waanze kuchangishana fedha za upandikizaji wa ini au wasubiri dawa ifanye kazi. Sitaki kuwajibu kwa kubahatisha. Niamini ipi?

---

Dkt_Ngaramtoni

Dokta, kabla ya kuilaumu fomula tazama ulichoilisha. Mayo ya PBC inataka bilirubini kwa mg/dL na albumini kwa g/dL. Majibu yako yako kwa µmol/L na g/L. Bilirubini gawanya kwa 17.1, hiyo 65 inakuwa 3.8. Albumini gawanya kwa 10, hiyo 31 inakuwa 3.1. Nimeweka 65 na 31 kama zilivyo, na alama ya uvimbe 0.5, nikapata asilimia 92 ileile yako. Kosa liko hapo.

Kosa hili ni la hatari kwa sababu linajificha. Ungekosea kizio cha bilirubini peke yake, fomula ingekwambia nafasi ya kumaliza mwaka mmoja ni asilimia 4, ungeshtuka na kurudia hesabu. Lakini albumini iliyozidishwa mara kumi inaivuta alama chini kwa 5.8, wakati bilirubini isiyobadilishwa inaipandisha kwa 2.5 tu. Makosa mawili yakikutana, mgonjwa aliye taabani anaonekana mzima, na namba inayotoka inapendeza macho. Hakuna anayerudia hesabu iliyompendeza.

Sasa tuifanye pamoja. Fomula ni hii, R ikiwa ni alama ya hatari:

R = 0.871 × ln(bilirubini) − 2.53 × ln(albumini) + 0.039 × umri + 2.38 × ln(PT kwa sekunde) + 0.859 × uvimbe

Hiyo ln ni kitufe cha ln kwenye kikokotoo, usibonyeze log. Uvimbe una alama tatu. Asiye na uvimbe na hatumii dawa ya kukojoza ni 0. Mwenye uvimbe ambaye bado hajapewa dawa, au aliyekuwa nao ukaisha kwa dawa, ni 0.5. Anayevimba juu ya dawa ni 1. Mama huyu ni 0.5. Wengi huandika 0 kwa kuwa wameikuta miguu imenywea, na hiyo nusu alama waliyoiacha inapunguza hatari iliyokokotolewa karibu kwa theluthi nzima.

Kwa namba zako: 1.163 − 2.862 + 2.106 + 6.445 + 0.430 = 7.282. Toa 5.07, inabaki 2.212. Chukua e kwa kipeo cha 2.212, unapata 9.13. Kisha kuna namba za msingi za kila mwaka: 0.970 kwa mwaka 1, 0.941 kwa miaka 2, 0.883 kwa miaka 3, 0.774 kwa miaka 5. Kila moja ipandishe kwa kipeo cha 9.13. Matokeo ni asilimia 76, 57, 32 na 10. Linganisha hiyo 10 na 92 uliyoanza nayo.

Ila hata 10 usiiandike kwenye faili bado. PT ya sekunde 15 inanitia shaka. Mgonjwa mwenye manjano ya miezi mitatu hapati nyongo ya kutosha utumboni, na bila nyongo vitamini K haifyonzwi. Kwa hiyo damu yake inaweza kuchelewa kuganda kwa kukosa vitamini tu, huku ini lenyewe likiwa bado lina uwezo wa kutengeneza protini za kugandisha. Fomula haijui tofauti hiyo. Mpe vitamini K mg 10 kwa mshipa, polepole, ikiwa imechanganywa kwenye maji ya dripu kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kwa sababu ikisukumwa haraka inaweza kuleta mzio mkali. Vidonge usihangaike navyo, vitapita bila kufyonzwa kwa sababu ileile. Rudia PT baada ya saa 24. Ikishuka, tumia ile mpya. Isiposhuka, basi ini ndilo linalosema.

Kuhusu Child-Pugh: umetumia jedwali la kawaida, ambalo bilirubini iliyozidi 51 µmol/L inapewa alama 3. Kwa magonjwa ya mirija ya nyongo kama PBC kuna mipaka mingine: chini ya 68 ni alama 1, 68 hadi 170 ni 2, zaidi ya 170 ni 3. Sababu ni kwamba kwa wagonjwa hawa bilirubini hupanda kwa kuharibika mirija, mapema kuliko kuchoka kwa ini zima. Kwa mipaka hiyo mama anapata 1 ya bilirubini, 2 ya albumini, 1 ya INR, 1 ya kutokuwa na maji tumboni, 1 ya akili timamu. Jumla 6, daraja A. Uvimbe wa miguu si maji ya tumboni, usiuhesabu humo.

MELD yako haina kosa, ila inajibu swali jingine. Ilitengenezwa kupima hatari ya kufa ndani ya miezi 3, na Marekani walianza kuitumia 2002 kupanga foleni ya upandikizaji. Ukiulizwa habari ya mwaka kesho na keshokutwa, MELD ya 15 haina jibu.

---

Maabara_Majengo

Naongezea upande wa maabara, maana Dkt_Ngaramtoni ameigusa PT kidogo tu na humo ndimo mambo mengi yanapoharibikia.

Kwanza tyubu. PT inachukuliwa kwenye tyubu yenye mfuniko wa bluu, ambayo ndani ina sitreti. Uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1, na ule mstari kwenye tyubu umewekwa kwa ajili hiyo. Damu ikiishia robo tatu ya mstari, sitreti inazidi, inafunga kalsiamu ambayo kipimo kinaihitaji, PT inasoma ndefu kuliko ilivyo. Ukitumia sindano ya kipepeo, hewa iliyo kwenye mpira wake inaingia kwenye tyubu ya kwanza na kula nafasi ya damu. Dawa yake ni kuanza na tyubu ya kutupa, kisha ile ya bluu.

Pili mpangilio. Bluu itangulie, zambarau ifuate nyuma. Zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Tone moja likihamia kwenye bluu, PT inarefuka. Likihamia kwenye ile ya kemia, ALP inashuka kwa uongo na potasiamu inapaa. Mtu anayefuatilia PBC kwa ALP anaweza kuamini dawa inafanya kazi kumbe ni EDTA. Ukiona ALP imeanguka ghafla na potasiamu iko juu bila sababu, omba sampuli nyingine kabla ya kufurahi.

Tatu usafiri. Sampuli za PT zinazotoka Rombo au Same kuja mjini zisiwekwe kwenye boksi la barafu. Baridi inaamsha protini namba 7 ya kugandisha damu, PT inasoma fupi. Tyubu ikiwa haijafunguliwa inakaa saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba bila shida. Sampuli ya bilirubini nayo haipendi mwanga: ikikaa dirishani au kwenye dashibodi ya gari juani, bilirubini inavunjika na kusoma chini. Izungushie karatasi ya foili, au hata gazeti, tangu inapochukuliwa.

Nne, na hili ni kubwa kwa fomula ya Mayo. Inatumia sekunde, na sekunde zinategemea kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha kila maabara. Wagonjwa waliotumika kuitengeneza walikuwa na PT iliyozunguka sekunde 10 hadi 11. Maabara ambayo mtu mzima wa afya anasoma sekunde 13 itamwongezea kila mgonjwa karibu nusu alama kabla hata hajaugua, na hatari itasomeka mara 1.6 ya ilivyo. Kwa hiyo kila unapochukua PT ya sekunde, uliza na sekunde za kontroli (sampuli ya kawaida ya kulinganishia) ya siku hiyo, ziandike pembeni yake. INR imesawazishwa tayari, ndiyo maana MELD haisumbuki na jambo hili.

Chembe sahani 140: omba fundi aangalie slaidi. Zikigandana kwenye EDTA mashine inazihesabu chache. Kwa wanaotoka tambarare za chini ya Moshi, kwenye mashamba ya mpunga, pima na malaria kabla ya kuamini bilirubini wala chembe sahani, maana malaria inaharibu zote mbili kwa wakati mmoja. Hapa bilirubini ya moja kwa moja ni 48 kati ya 65, kwa hiyo manjano yenyewe ni ya nyongo, si ya damu kuvunjika. Hilo liko sawa.

---

Kliniki_Moshi

Nashukuruni sana. Lahajedwali nimeirekebisha, sasa ina safu ya kizio kando ya kila namba.

Vitamini K amepewa. PT mpya, tyubu imejazwa hadi mstari, ni sekunde 12.5, INR 1.2. Kontroli ya siku hiyo 10.5. Malaria hasi, slaidi haina chembe zilizogandana.

R mpya napata 6.847, kipeo 5.91. Mwaka 1 asilimia 84, miaka 2 asilimia 70, miaka 3 asilimia 48, miaka 5 asilimia 22. MELD imetoka 15 hadi 14. Naomba nithibitishiwe, niko sawa? Na swali jingine: hizi namba zinahesabu kwamba anatumia UDCA au la?

---

Dkt_Ngaramtoni

Uko sawa. Tazama sindano moja ya vitamini K ilivyohamisha miaka 2 kutoka asilimia 57 hadi 70. Ini lake halikubadilika kwa siku moja. Kilichobadilika ni ukweli wa kile tulichokipima. MELD imesogea alama moja tu, kwa hiyo anayetazama MELD peke yake asingeona chochote.

Kuna njia nyepesi ya kuihakiki hesabu bila kikokotoo. Utafiti wa 1979 uliofuatilia bilirubini ya wagonjwa wa PBC, kabla UDCA haijaanza kutumika, ulikuta kwamba bilirubini ikishapita 34 µmol/L na kubaki juu, wastani wa kuishi ulikuwa miaka 4.1. Ikipita 103, miaka 2.1. Ikipita 171, mwaka 1.4. Mama yuko kati ya ngazi ya kwanza na ya pili, na Mayo inasema karibu nusu ya wagonjwa kama yeye wanafika miaka 3. Vinaoana. Asilimia 92 isingeoana na chochote.

Kuhusu UDCA: hapana, haimo. Fomula ilitoka Mayo Clinic, ikachapishwa 1989, kwa data za wagonjwa 312 waliokuwa kwenye jaribio la dawa ya penisilamini kati ya 1974 na 1984. Penisilamini haikusaidia, ndiyo maana data zile zinahesabiwa kama mwendo wa ugonjwa ukiachwa wenyewe. Kwa hiyo asilimia 70 yako ni ya mtu asiyetibiwa. Mwenye kuitikia UDCA anaweza kufanya vizuri zaidi. Nani ataitikia, hatujui leo.

---

Dawa_Kibosho

Hapo kwenye UDCA naomba niingie.

Dozi ni mg 13 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 62 ni mg 806 hadi 930. Kwa vidonge vya 300, vitatu kwa siku ni 900, sawasawa na lengo. Kwa vya 250, vitatu ni 750, yaani 12 kwa kilo, pungufu, na vinne ni 1,000, imepita kidogo. Dozi pungufu ndiyo chanzo cha kwanza cha kutafuta pale mtu anaposemwa "hakuitikia dawa". Kabla ya kumwandikia hivyo hesabu vidonge vyake, uliza alikosa wiki ngapi duka lilipoishiwa.

Chanzo cha pili ni kolestiramini, dawa ya kupunguza kuwashwa. Inashika UDCA utumboni na kutoka nayo. Ziachane saa 4 angalau. Mama akinywa kolestiramini saa moja asubuhi, UDCA aichukue mchana na usiku pamoja na chakula.

Baada ya miezi 12 ya dozi kamili achana na Mayo, nenda kwenye fomula nyingine, GLOBE ya 2015. Yenyewe ilitengenezwa kwa watu wanaotumia UDCA:

GLOBE = 0.044378 × umri alipoanza dawa + 0.93982 × ln(bilirubini ÷ kikomo cha juu) + 0.335648 × ln(ALP ÷ kikomo cha juu) − 2.266708 × (albumini ÷ kikomo cha chini) − 0.002581 × chembe sahani + 1.216865

Naipenda kwa jambo moja: bilirubini, ALP na albumini zote zinagawanywa kwa vikomo vya maabara yenyewe, kwa hiyo vizio vinajifuta. Lile balaa la 65 na 3.8 haliwezi kutokea. Sharti ni kutumia vikomo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya majibu ya siku hiyo, si vya maabara nyingine. Chembe sahani ziingie kwa maelfu, yaani 140, si 140,000.

Mfano: tuseme mwakani bilirubini ni 30 kwenye kikomo cha 20, ALP 360 kwenye 120, albumini 34 kwenye 35, chembe sahani 140. Inatoka 1.80. Mpaka ni 0.30. Anayezidi hapo maisha yake yanatarajiwa kuwa mafupi kuliko ya watu wa rika na jinsia yake. Ona kwamba ALP imeshuka kutoka 610 hadi 360, mtu angepiga makofi, na bado alama iko mbali juu ya mpaka. Bilirubini na albumini zina uzito kuliko ALP.

Kwenye dawa za kuongezea wasioitikia, angalieni. Asidi ya obetikoliki ina onyo kali kwa wenye ini lililokwisha kushindwa kazi, imewahi kuharakisha kushindwa huko. Fibreti (dawa za kushusha mafuta ya damu) nazo si za mtu mwenye manjano mazito. Huyu mama, kwa bilirubini ya 65 na miguu iliyovimba, si mgonjwa wa kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine huku mwaka unapita.

---

Neema_wa_wodi

Naungana na hilo la mwisho, na ndilo jibu la wale watoto wake. Miongozo ya Ulaya inasema mgonjwa wa PBC apelekwe kujadiliwa na kituo cha upandikizaji bilirubini inapopita 50 µmol/L au MELD inapopita 15. Bilirubini yake imeshavuka. Kwa hiyo rufaa isisubiri mwaka wa UDCA uishe. Dawa ianze leo na barua iandikwe leo. Kwa familia za huku, kupata pasi za kusafiria, kibali cha rufaa, mtu wa kujitolea kipande cha ini mwenye kundi la damu linaloendana, na fedha, ni kazi ya miezi mingi. Mayo inasema miaka 2 ya kwanza ndiyo ana nafasi nzuri ya kuitumia. Kuna pia mpaka wa R ya 7.8: ukipita hapo, hata matokeo ya baada ya upandikizaji yanaanza kuwa mabaya. Yeye ni 6.8. Ndiyo maana sipendi kauli ya "tusubiri azidiwe ndipo tumpeleke".

Jinsi ya kuwaambia. Usimwambie mtu "mama ana miaka miwili". Fomula haisemi hivyo. Sema: "Wagonjwa 100 wenye majibu kama ya mama, bila dawa, baada ya miaka 2 wapo 70 na 30 wameshafariki. Hatujui mama yumo kwenye kundi gani. Dawa tuliyoanza inaweza kumsaidia, na tutaona kwa vipimo." Chora miduara kumi kwenye karatasi, kata mitatu, waachie karatasi. Zungumza na mama mwenyewe kwanza, uliza anataka kujua kiasi gani na nani awepo. Mara nyingi mwana mkubwa atakuvuta pembeni akuombe umfiche mama. Msikilize kwa heshima, lakini mwenye mwili ndiye mwenye habari.

Jambo la kuwaeleza wenzetu wanaosoma takwimu za GLOBE: kule zilikotoka, kufa na kupandikizwa ini vinahesabiwa tukio moja. Mgonjwa wa Uholanzi aliyefika kwenye tukio mwaka wa tano huenda bado yuko hai na ini jipya. Kwetu, aliyefika hapo bila upandikizaji yuko kwenye hatua ya mwisho. Namba ni ileile, maisha ni tofauti.

Na wakati barua inasubiri majibu: endoskopi ya kuangalia mishipa ya umio, kwa kuwa chembe sahani ziko chini ya 150. Ultrasaundi ya ini kila miezi 6 ikithibitika ana sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Mifupa ipimwe, PBC inaila. Chakula asikatazwe protini, bado nakuta watu wanamnyima mgonjwa wa ini nyama na maharage. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, yaani 74 hadi 93 kwa siku, na asilale njaa. Bakuli la mtori lenye nyama saa tatu usiku linafaa kabisa, ila chumvi iwe kidogo. Akisimamishwa kula, albumini itashuka na alama itapanda kwa njaa.

---

Intern_Arusha

Shikamooni. Naomba kuchomekea: haya yote yanatumika pia kwa PSC, ule ugonjwa mwingine unaobana mirija ya nyongo? Tunaye kijana wa miaka 30 mwenye kuharisha damu na mirija iliyobanabana kama shanga kwenye picha ya MRI. Bilirubini ilikuwa 110, wiki iliyofuata 38.

---

Dkt_Ngaramtoni

Marahaba. Hapana, PSC ina fomula yake, iliyorekebishwa 2000:

R = 0.03 × umri + 0.54 × ln(bilirubini) + 0.54 × ln(AST) + 1.24 × kutapika damu − 0.84 × albumini

Bilirubini kwa mg/dL, albumini kwa g/dL, na hapa albumini haichukuliwi ln. Kutapika damu kwa mishipa ya umio ni 1 kama imewahi kutokea, 0 kama bado. Chini ya 0 hatari ni ndogo, 0 hadi 2 ya kati, zaidi ya 2 kubwa. PT haimo, kwa hiyo habari ya vitamini K haiingii, ila AST (kimeng'enya cha ini) imo, na sampuli iliyovunjika chembe damu inaipandisha. AST ikisomeka mara mbili ya ukweli, R inaongezeka 0.37.

Kwa kijana wako usikokotoe kwa 110 wala kwa 38. Kupanda na kushuka namna hiyo ndani ya wiki ni mrija ulioziba ukafunguka, au maambukizi ya mirija. Kama ni maambukizi, tibu kwa antibayotiki. Kama kuna mbano mkubwa apanuliwe kwa ERCP, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mrija wa nyongo. Subiri bilirubini itulie kwa wiki kadhaa, pima mara mbili, ndipo uijaze. Fomula haioni pia saratani ya mirija ya nyongo, ambayo kwa wagonjwa hawa inaweza kuja hata R ikiwa ndogo. Akianza kupungua uzito na manjano yasiyorudi nyuma, weka fomula kando, tafuta saratani. Na utumbo mpana apimwe kwa kolonoskopi sasa, kisha kila mwaka au miaka miwili, maana PSC pamoja na ugonjwa wa utumbo mpana wa kuharisha damu zinaongeza hatari ya saratani ya huko.

UDCA ya dozi kubwa, mg 28 hadi 30 kwa kilo, msimpe. Ilijaribiwa kwa PSC ikaleta madhara zaidi.

---

Kliniki_Moshi

Barua ya rufaa imeandikwa, nimeweka ndani R ya 6.85 pamoja na PT kabla na baada ya vitamini K na kontroli yake. Endoskopi wiki ijayo. UDCA 300 mara tatu imeanza. Watoto tunakaa nao Jumamosi, mama amesema anataka kuwepo.

---

Dawa_Kibosho

Kitu kimoja, Dokta: hizo kilo 62 zilipimwa miguu ikiwa imevimba au baada ya kunywea? Kama ni wakati wa uvimbe, mpime tena asubuhi kabla ya chai. Akiwa 57, vidonge vitatu vya 300 vinampa karibu 16 kwa kilo, na unaweza kumshusha hadi vitatu vya 250, ambavyo ni 13 na kidogo.